Taa ya Geti Inapomulika Chumba cha Jirani: Namna ya Kupunguza Mwanga wa Ovyo Mitaani Dar es Salaam

Taa ya kumulika ikifungwa juu ya geti huku uso wake ukitazama mbele moja kwa moja, nusu ya mwanga wake hupanda juu. Mwanga huo hauangazi geti, hauangazi gari linaloingia, wala haumsaidii mlinzi kuona nani anakuja. Sehemu yake huishia kwenye madirisha ya nyumba ya pili na iliyobaki hupotelea angani. Nusu ya chini nayo husambaa mbali kupita geti kwa sababu hakuna kitu cha kuuzuia. Mwenye nyumba ananunua uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa ajili ya mwanga wote huo, unaomfaa na usiomfaa.

Pita Goba, Madale, Kinyerezi au Chamazi baada ya saa mbili usiku na taa za namna hiyo utazikuta kila kona. Tatizo lenyewe linaitwa uchafuzi wa mwanga, na jina hilo huwafanya wengi wadhani kuna mtu anataka mtaa ubaki gizani. Naliweka wazi mapema kwa sababu mazungumzo mengi ya majirani huvunjika hapo hapo: mtaa unaweza kupunguza sehemu kubwa ya mwanga wake wa ovyo, na bado watu wakaiona njia vizuri kuliko wanavyoiona leo. Kinachotakiwa ni kuamua mwanga uende wapi, uwe wa rangi gani na uwake saa ngapi.

Malalamiko matatu yaliyochanganyika

Mtu anapolalamikia taa ya jirani, mara nyingi huwa anazungumzia mambo matatu kwa mkupuo, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kiwi. Unatembea kuelekea nyumbani, taa kali iliyo karibu na usawa wa macho inakupiga usoni, na hatua chache mbele huoni shimo wala mfereji. Mwanga mkali ukiingia ndani ya jicho hutawanyika na kufunika picha hafifu ya vitu vilivyo kwenye giza. Wazee huumia zaidi, maana lenzi ya jicho hupungua uangavu kadiri umri unavyosonga. Dereva wa bodaboda anayepanda kilima na kukutana na taa ya geti iliyomwelekea hana tofauti na aliyekutana na gari lililowasha taa kubwa: kwa sekunde kadhaa anaendesha kwa kukisia.

La pili ni mwanga unaovuka ukuta, na hapa Dar es Salaam ina shida yake yenyewe. Katika nchi za baridi mtu hufunga dirisha, akashusha pazia zito, taa ya jirani ikabaki nje. Sisi hatulali hivyo. Joto la Desemba hadi Machi hutulazimisha kuacha madirisha wazi, wavu wa mbu na nondo tu vikiwa kati yetu na nje, pazia limefungwa pembeni ili upepo upite. Ukiwa na taa ya jirani inayotazama dirisha lako unabaki na chaguo mbili mbaya: ufunge pazia ulale kwenye joto, au uliache wazi ulale kwenye mwanga. Umeme ukikatika na feni ikasimama, taa ya jirani ya sola inaendelea kuwaka vilevile.

Maeneo ya vilima yana taabu ya ziada. Goba, Kimara na Kinyerezi nyumba zimejengwa kwenye miteremko inayotazamana. Taa iliyofungwa kwenye ukuta wa mteremko huu ikaelekezwa mbele, inaingia moja kwa moja kwenye vyumba vya mteremko wa pili, hata kama kuna bonde zima katikati. Mwenye taa hajui kabisa, maana hajawahi kuiona nyumba yake kutoka ng'ambo usiku. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba wengi wanaosumbua wenzao kwa taa hawana nia mbaya. Mtu anasimama ndani ya uwanja wake, anaona panang'aa, anaridhika.

Na usingizi si suala la kuona kero tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walithibitisha kwamba nyuma ya jicho, pamoja na seli zinazotuwezesha kuona, zipo seli nyingine ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa rangi ya bluu. Zikipata mwanga huo usiku, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Taa nyeupe sana, ile yenye weupe unaoelekea bluu, ndiyo inayobeba bluu nyingi.

La tatu ni weupe wa anga, lile wingu la mwanga lililotanda juu ya jiji zima. Hili halimgusi mtu mmoja kama lile la dirisha, kwa hiyo hakuna anayelipeleka kwa mjumbe. Lakini ndilo lenye eneo kubwa kuliko yote.

Kwa nini anga halikai jeusi

Mwanga unaopanda juu hukutana na molekuli za hewa, vumbi, moshi na unyevu, ukatawanywa kila upande, na sehemu yake ikarudi chini. Molekuli za hewa hutawanya bluu kwa nguvu zaidi kuliko rangi nyingine. Ndiyo sababu anga la mchana ni la bluu. Bluu ya taa nyeupe hutawanywa takribani mara tatu zaidi ya mwanga wa rangi ya chungwa. Matone ya unyevu na chembe za vumbi hazibagui rangi hivyo, na jiji la pwani lina unyevu mwingi, kwa hiyo kubadili rangi ya balbu pekee hakutoshi. Mwanga wa njano unaoelekezwa angani bado ni mwanga unaoelekezwa angani.

Mawingu huongeza makali. Watafiti waliopima anga la Berlin na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011 waliona kwamba usiku wa mawingu, anga la mjini lilikuwa na mwanga takribani mara kumi kuliko usiku usio na wingu. Mtu wa Dar es Salaam hahitaji kipimo kulijua hilo: usiku wa masika, kabla mvua haijaanza kunyesha, tumbo la mawingu juu ya Kariakoo na Ilala huwa na mwanga wa kutosha kuona umbo lake. Mwanga huo umetoka chini.

Ukubwa wa jambo hili duniani unajulikana vizuri. Ramani ya dunia ya mwanga wa anga iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba watu zaidi ya 80 kati ya kila 100 wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota unaokata anga, wakiwa nyumbani kwao. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho yao kati ya 2011 na 2022. Hesabu yake ilionyesha anga likiongezeka mwanga kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 ataona 100 tu. Taarifa nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika ilichangia chache mno, na kwa maoni yangu hilo ni pengo ambalo vijana wenye simu wa jiji hili wanaweza kuliziba wenyewe.

Pwani yetu ina methali inayosema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima walilitazama kundi lile dogo la nyota wakajua msimu unageuka. Nyota za Kilimia hazina mwanga mkali, kwa hiyo ni kati ya zinazotangulia kufifia jiji likizidi kung'aa. Mtoto wa Sinza anaweza kuikariri methali hiyo shuleni na asiwahi kukijua Kilimia chenyewe. Hilo linaniuma, na sidhani ni jambo dogo.

Lakini uchafuzi huu una sifa moja ambayo uchafuzi mwingine hauna. Plastiki iliyotupwa Mto Msimbazi itakaa humo miaka mingi hata kama leo hakuna atakayetupa nyingine. Mwanga hauachi mabaki. Waliokuwa Dar es Salaam wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 walishuhudia: eneo kubwa likizimika, nyota zilijitokeza papo hapo. Sitamani mgawo urudi, na nafurahi kwamba Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Ila umeme ukiwa mwingi, taa nazo zitaongezeka, na huu ndio wakati wa kuzifunga vizuri.

Taa za bei nafuu zilivyobadilisha usiku

Zamani bei yenyewe ilikuwa breki. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa mwanga wa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa) 700 au 800 hivi na ilikula umeme kweli. Mtu alifunga moja barazani akaizima anapokwenda kulala. Leo balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga uleule. Ni maendeleo makubwa, na hakuna sababu ya kurudi nyuma. Kilichotokea ni kwamba badala ya kubaki na mwanga uleule kwa umeme mdogo, tumenunua mwanga mwingi zaidi. Taa ya kumulika ya LED ya wati 50 hutoa lumeni zaidi ya 4,000, sawa na balbu tano au sita za zamani zilizowashwa pamoja, na mtu huifunga mita tatu kutoka ardhini ili kuangaza geti ambalo balbu moja ingelitosha.

Rangi nayo. Kwenye boksi la taa kuna namba inayoishia na herufi K: 3000K, 4000K, 6500K. Hiyo ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Namba ndogo ni mwanga wa njano wa jioni. Namba kubwa ni mweupe unaoelekea bluu. Maduka ya Kariakoo yamejaa za 6500K, kwa sababu mnunuzi akiwashiwa dukani huiona inang'aa kuliko nyingine. Ya 2700K au 3000K ipo, mara nyingi kwa bei ileile, lazima uiulizie. Mwambie muuzaji unataka mwanga wa njano, kisha usome boksi mwenyewe.

Taa za sola zimeleta jambo jingine. Hazina LUKU, kwa hiyo hata ile sababu ya mwisho ya kuzima haipo. Nyingi zina weupe mkali na vioo vyake hutazama mbele. Nazipenda kwa uchochoro usio na nguzo ya umeme, lakini zinahitaji kuinamishwa chini kama taa nyingine yoyote.

Usalama, ndilo fundo lenyewe

Hapa ndipo mazungumzo yote huishia, na ni haki yaishie hapa. Watu wa jiji hili hawajasahau matukio ya Panya Road, magenge ya vijana waliovamia na kupora watu, ya mwaka 2022. Mtu aliyeibiwa hataki kusikia habari za nyota. Basi tulichukue swali kama lilivyo: taa kali inazuia mwizi?

Tuanze na jicho. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali huyavuruga mazoea hayo ndani ya sekunde chache. Mlinzi anayekaa chini ya taa ya wati 50 anaona vizuri duara alilokaa. Nje ya duara hilo haoni kitu. Anayekuja kutoka gizani anamwona mlinzi, anaona kama amesinzia, anaona kama ana kirungu au simu mkononi, na mlinzi hamwoni. Taa ya namna hiyo imemweka mlinzi jukwaani. Tena kadiri taa inavyokuwa kali ndivyo kivuli nyuma ya nguzo, nyuma ya mti na kwenye kona ya ukuta kinavyokuwa cheusi zaidi, na hapo ndipo mtu hujificha. Kamera nazo huathirika: taa ikiitazama kamera, sura ya anayepita inabaki doa jeusi. Kamera nyingi za usiku zina taa zake za infraredi ambazo jicho halizioni, na hazihitaji msaada huo.

Jaribu mwenyewe usiku wa leo. Simama mbele ya taa yako ya geti ukitazama kuelekea nyumbani, nyanyua kiganja uzibe taa pekee, uangalie kilicho kando yake. Ukiona vitu ambavyo hukuviona kabla ya kuiziba, taa hiyo inakuficha.

Sasa tafiti. Mwaka 2015 nchini Uingereza watafiti walichunguza halmashauri 62 za England na Wales zilizozima au kupunguza taa za barabarani usiku wa manane, wakaangalia uhalifu na ajali. Hawakupata ushahidi kwamba vimeongezeka. Kwa upande mwingine, jaribio lililofanyika New York mwaka 2016, ambako minara ya taa za muda iliwekwa kwenye makazi ya umma, lilionyesha uhalifu mkubwa wa nje wa usiku ukipungua kwa karibu asilimia 36. Wanaopenda giza hunukuu la kwanza, wanaopenda taa hunukuu la pili. Kwangu mimi hayapingani. Kule England zilipunguzwa taa za mitaa iliyokwisha kuwa na mwanga. Kule New York waliongeza mwanga mahali palipokuwa na uhitaji, palipo na watu wengi wanaopita kwa miguu.

Ukiyaleta hayo Dar es Salaam, yanaonyesha jambo ambalo napenda tulitazame bila kuoneana aibu. Jiji hili lina mwanga kupita kiasi na uhaba wa mwanga kwa wakati mmoja, mara nyingi ndani ya kata moja. Ukuta mrefu wa nyumba kubwa una taa sita zinazomulika barabara tupu hadi alfajiri, na hatua mia mbili kutoka hapo kuna uchochoro anaopita mama lishe saa kumi usiku akienda kuwasha moto, usio na taa hata moja. Uchochoro wa Manzese au Tandale usio na mwanga unahitaji taa, na mtu akisema uchafuzi wa mwanga ni sababu ya kuunyima, amekosea kabisa. Taa inayomsaidia mtembea kwa miguu ni ile iliyoinamia njia, yenye mwanga wa wastani uliosambaa sawasawa, unaoonyesha sura ya anayekuja mbele. Ukali wake si kitu. Mwezi mpevu hutoa chini ya luksi moja (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na bado wazee wetu walitembea kwa mbalamwezi toka kijiji hadi kijiji.

Viumbe wengine wa jiji hili

Wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni wanajua nguvu ya taa kuliko mtu yeyote. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua, kwa sababu bahari nzima ina mwanga na taa ya chombo haiwavuti tena samaki. Kwa maneno mengine, mwanga mdogo tu wa mwezi unatosha kubadilisha mwenendo wa viumbe wa baharini. Fikiria taa za ufukweni zinazowaka kila siku ya mwezi.

Anayeathirika kwa uwazi zaidi ni kasa. Fukwe za kusini mwa Kigamboni bado kasa wa kijani hutaga huko, na shirika la Sea Sense limefanya kazi miaka mingi na wanavijiji wa pwani kuvilinda viota hivyo. Mayai hukaa mchangani takribani miezi miwili. Watoto wakitoka, kwa kawaida usiku, huelekea upande wenye mwanga ulio chini kwenye upeo, na kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa bahari. Ufukwe ukiwa na nyumba au hoteli yenye taa nyeupe, wanageuka na kupanda nchi kavu, ambako kaa, mbwa, uchovu na jua la asubuhi huwamaliza. Dawa yake inajulikana: taa za ufukweni ziwe chache, ziwe chini, zifunikwe upande wa bahari, na ziwe za rangi ya chungwa au nyekundu, ambayo kasa wadogo hawaifuati sana. Anayejenga Kigamboni leo ana nafasi ya kulifanya hili tangu mwanzo.

Wadudu nao. Kumbikumbi wa mvua za kwanza wanaojaa chini ya taa ya baraza hawajapenda mwanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wadudu wengi warukao hugeuza migongo yao kuelekea mwanga, kwa sababu usiku wa asili upande wenye mwanga ni juu. Taa inawapotosha wasijue juu ni wapi, wakazunguka hadi wachoke. Vimulimuli, ambao dume na jike huitana kwa kuwaka, wakizungukwa na taa hawaonani.

Fundi apande ngazi

Kazi ya kwanza haina gharama kubwa. Taa nyingi za kumulika zimeshikwa na bano la chuma lenye boliti mbili pembeni. Mwite fundi umeme, azime umeme wa nje, alegeze boliti, ainamishe taa hadi kioo chake kitazame ardhi, akaze. Bado itaangaza geti, na kwa kuwa mwanga wote sasa unaanguka chini, geti litang'aa zaidi. Wengi hushangaa jinsi wanavyoweza kupunguza wati baada ya hapo. Taa isiyoinama, kama ile ya duara juu ya nguzo ya geti inayomwaga mwanga pande zote, ni bora iondolewe iwekwe yenye kofia. Fundi wa kuchomelea anaweza pia kukata kipande cha bati cha kukinga upande wa jirani, mradi asizibe mapezi ya nyuma ya taa yanayotoa joto.

Halafu muda. Usiku wetu una karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na ikweta. Taa ya wati 50 inayowaka saa zote hizo inakula uniti 18 kwa mwezi. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, ni shilingi 6,400 kila mwezi kwa taa moja. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, ameupa mwanga wa geti karibu robo ya mgao wake. Taa hiyohiyo ikifungwa sensa inayowasha mtu anapopita, na ikawaka jumla ya saa moja kwa usiku, itakula uniti moja na nusu. Na anayetaka mwanga usiozima kabisa aweke balbu ya wati 7 ya 2700K yenye kofia: uniti mbili na nusu kwa mwezi.

Mimi naamini taa ya sensa ndiyo bora zaidi kwa ulinzi kuliko zote. Taa inayowaka usiku kucha haimwambii mtu kitu. Ikiwaka ghafla, mlinzi, mbwa na jirani wote wanageuka kuangalia. Sensa ielekezwe ndani ya uwanja wako, isiwe inawaka kila bodaboda inapopita barabarani.

Kuongea na jirani, na kuongea na mtaa

Usianzie kwa mjumbe. Nenda mwenyewe, jioni, kwa salamu. "Baba Amina, habari za jioni. Naomba uje kwangu mara moja uone kitu." Mlete hadi dirishani aitazame taa yake mwenyewe kutoka upande wako. Akishaona, maneno mengi hayahitajiki. Ukiwa na fundi siku hiyo na ukajitolea kumlipa, taa itainamishwa kabla ya saa mbili usiku. Kama jirani ni mtu mzima kwako, mtangulie kwa shikamoo na umwachie yeye apendekeze njia. Taa ya mzee haishushwi kwa ubishi.

Panapokuwa na baa, gereji, kiwanja cha mpira au bango la LED, jirani mmoja hatoshi, na hapo mkutano wa serikali ya mtaa ndio mahali pake. Ombi liwe mahususi: taa za kiwanja zizimwe mechi ikiisha, bango lipunguzwe mwanga baada ya saa nne, taa za maegesho ziinamishwe. Ufaransa imekuwa na agizo tangu mwaka 2013 linalotaka taa za maonyesho ya maduka zizimwe ifikapo saa saba usiku, na maduka yake hayajafungwa kwa sababu hiyo. Msidhani kosa lote ni la taa za barabarani. Tucson, jiji la Arizona huko Marekani, waliwahi kupunguza kwa makusudi taa zao za barabarani huku wakizipima kwa satelaiti, wakagundua kwamba baada ya usiku wa manane zinachangia chini ya moja ya tano ya mwanga wa jiji. Sehemu iliyobaki inatoka kwa watu binafsi, biashara na viwanja, yaani vitu ambavyo mtaa unaweza kuvizungumza wenyewe.

Hata hivyo barabara zina nafasi yake. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA na zile kuu chini ya TANROADS. Mtaa unaposikia nguzo mpya zinakuja, wakati wa kusema ni kabla hazijasimikwa. Yaulizwe mambo mawili tu: kichwa cha taa kilazwe sambamba na ardhi badala ya kuinuliwa, na rangi isizidi 3000K. Nguzo ikishasimama, kubadilisha kichwa chake ni bajeti nyingine na miaka mingine.

Kwa anayejenga sasa, mambo ni rahisi zaidi. Fundi akiwa bado anapitisha mabomba ya waya, mwambie taa za nje ziwe na swichi yake ndani ya nyumba, mbele na nyuma ziwe mbalimbali, na waya wa sensa upitishwe hata kama sensa yenyewe utainunua baadaye. Kisha kabla hajapaka rangi ukuta, tokeni wote wawili barabarani usiku, mziwashe, na mwangalie nyumba za jirani zinapata nini.